Maziwa ya Ng'ombe Yupi

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sifichi. Nikipewa uji kwenye nyumba ya watu nanusa kwanza, na wajukuu zangu wananicheka mbele ya wageni. Wacheke. Wao hawakulea mtoto katika boma la mama mkwe wangu, miaka ile Mwingereza alipokuwa analima karanga zake Kongwa, na waume zetu wamekimbilia huko kung'oa visiki na kuendesha matrekta. Sisi wanawake tuliachiwa ng'ombe, watoto na midomo ya wakwe.

Nilizaliwa Kizota, karibu na reli, na baba yangu alikuwa kibarua wa reli. Kwetu maziwa yalikuwa kitu cha kuwekwa kwenye chai siku mgeni amekuja. Nikaolewa Mtumba, kwa watu wa ng'ombe. Siku ya kwanza mama mkwe alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando, akasimama mbele yangu akanitazama koo mpaka nikamaliza. Hakusema karibu, hakusema lolote. Alipochukua kibuyu chake alikitikisa sikioni asikie kama kimebaki kitu. Tangu siku ile nilimwogopa, na mtu ninayemwogopa huwa simwamini.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mchache wa maneno. Akivaa kaniki yake nyeusi akapita uani, kuku walimpisha. Kwangu alikuwa akiniita mwanangu, lakini mwanangu yake ilikuwa kavu, nami nilimjibu mama yangu kavu vilevile. Nilikuwa nimesikia kwa majirani kwamba hakunitaka. Alitaka mwanawe amuoe binti wa kaka yake, huyo kaka akiwa mtu mkubwa wa ng'ombe huko Haneti. Mume wangu akakataa, akanileta mimi, mtoto wa kibarua nisiyejua hata kukamua. Basi utaniambia nisishuku?

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, mume wangu alikuwa huko Kongwa. Mama mkwe ndiye aliyenipokea mtoto, na ndiye aliyenilisha. Alinilisha vizuri, sitasema uongo. Uji wa uwele uliochanganywa na maziwa asubuhi, samli kwenye mlenda mchana, maziwa tena jioni. Kwao mwanamke aliyejifungua hakulala bila kunywa maziwa. Nilinenepa nikang'aa. Mtoto ndiye hakung'aa. Mashavu yake yalikuwa mekundu na makavu, yanapasuka kama udongo wa korongoni, na kila akimaliza kunyonya alikunja miguu akalia mpaka sauti ikakauka. Wanawake wa jirani walisema ni chango. Walileta mizizi, nikaimwaga nyuma ya nyumba. Sikuwa tayari kumpa mtoto wangu kitu ambacho sijui kimechimbwa wapi.

Mama mkwe hakusema ni chango. Alikuwa anakuja, anamfunua mtoto, anamtazama mashavu na nyuma ya magoti, halafu anamfunika tena na kuondoka. Nikimuuliza, "Mama, unatafuta nini?" anajibu, "Namwangalia mjukuu wangu." Kumwangalia gani huko kwa kupekua? Nilianza kumfunga mtoto nguo mbili.

Mtoto alipoweza kukaa, nilimpa kwa mara ya kwanza uji wenye maziwa. Mama mkwe siku hiyo alikuwa shambani. Mtoto hakumaliza hata nusu ya kijiko. Alijikuna mdomo, mdomo ukatoka vipele vyeupe juu ya wekundu, mdomo wa juu ukafura, akatapika uji wote kifuani pangu. Nilimwosha, nikamnyonyesha, akalala. Jioni uvimbe ulikuwa umekwisha, nami nikaamua sitasema kitu kwa mtu yeyote. Mama mkwe akaingia na jembe begani. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Midomo ilivimba?" akaniuliza.

"Nani amekuambia, mama?"

Badala ya kunijibu akauliza, "Yalikuwa maziwa ya ng'ombe yupi?"

Hapo inabidi nieleze, maana mtu wa mjini hataelewa swali hilo. Kwetu reli maziwa yalikuwa maziwa. Katika boma lile maziwa yalikuwa ya ng'ombe fulani, aliyetoka kwa fulani, kwa makubaliano fulani. Wakati ule tulikuwa na ng'ombe watatu wanaokamuliwa: mweusi, mweupe, na mmoja wa madoa. Kila mmoja na kibuyu chake, na huruhusiwi kuyachanganya hovyo. Mweusi na mweupe walikuwa wetu. Wa madoa alikuwa wa yule kaka wa mama mkwe, mtu wa Haneti. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa hawaweki mahali pamoja, ugonjwa usije ukawafagia wote. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wamchungie. Unayechunga, maziwa ni yako na samadi ni yako, lakini ng'ombe na ndama ni wake. Sasa kaka mtu alikuwa na manung'uniko. Alisema ndama mmoja wake alibadilishwa akapewa aliyedhoofu. Tangu binti yake alipokataliwa na mume wangu, manung'uniko yakawa makubwa zaidi. Kwa hiyo ng'ombe wa madoa alikuwa zizini kwetu na maneno yake mgongoni.

"Ya wa madoa," nikajibu, maana ndiyo kweli.

Mama mkwe akaweka jembe chini akaketi. "Nilijua," alisema.

Alijua nini? Hilo swali lilinikaa kooni siku nyingi. Alijuaje kuhusu midomo wakati alikuwa shambani? Mimi nilikuwa na jibu langu moja tu. Mtu anayejua dalili kabla ya kuambiwa ni yule aliyeweka kitu. Nilianza kumchunga mama mkwe wangu kama anavyochungwa fisi. Akiingia jikoni naingia. Akifunika chungu nafunua. Akishika kibuyu natazama vidole vyake. Yeye naye aliona, akawa ananitazama kama ninavyomtazama. Tukawa wanawake wawili katika tembe moja, kila mmoja anasikiliza nyayo za mwenzake.

Baada ya siku chache akaniambia amemwita mtaalamu wa kupima. Alitoka upande wa Haneti, eti anajua kutambua ng'ombe mwenye neno. Alifika mchana, mzee msafi mwenye koti la kizungu lisilo na vifungo. Jioni ile, kabla ya kipimo chenyewe, nilimwona ameketi na mama mkwe nyuma ya zizi. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anaongea, yeye ambaye kwa siku nzima hasemi maneno ya kujaza kiganja. Yule mzee anatikisa kichwa, anauliza, anatikisa tena. Nikajisemea, hapa mtu anafundishwa majibu.

Asubuhi yake niliambiwa nikamue, maana wakati huo nilishajua kukamua. Niweke maziwa ya kila ng'ombe katika kibuyu chake. Kibuyu cha mweusi kilikuwa na shanga shingoni, cha mweupe kilipasuka mdomo kikashonwa, cha wa madoa kilikuwa kipya. Nikachuchumaa chini ya wa madoa, nikajaza kibuyu kipya. Nikatazama nyuma, sikuona mtu. Nikachukua na kile kilichoshonwa, nikakijaza palepale, kutoka kwenye chuchu zilezile. Mweupe nikamfungulia ndama wake akanyonya mpaka akatosheka. Mweusi nilimkamua kama kawaida. Kisha nikavipeleka vibuyu vyote vitatu uani na uso wangu wa mkwe mwema.

Mpimaji alikuwa ametandaza ngozi. Juu yake aliweka jiwe jeusi, bapa, lililokuwa limelala juani tangu alfajiri. Alimchukua mtoto, akavuta uzi kwenye nguo yake, akaufunga kwenye kijiti, akakisimamisha kando ya jiwe. Halafu akawa anadondosha maziwa ya kila kibuyu juu ya jiwe, anatazama tone linakimbilia wapi. Likikimbilia kijiti, basi lina neno na mtoto. Likikaa au likienda pengine, ni safi. Majirani wawili watatu walikuja kutazama.

Tone la mweusi lilikwenda kando, likasita. Akasema, huyu hana ubaya, lakini hana nguvu kwa mtoto. Tone la kibuyu kipya lilikimbilia kijiti. Nami niliona alivyoinua ukingo wa ngozi kwa goti, lakini labda ni macho yangu. Akaguna. "Huyu ndiye," alisema. "Amekuja na kinyongo cha mwenyewe." Mama mkwe akafumba macho. Kisha akadondosha ya kibuyu kilichoshonwa. Tone likakaa palepale likakauka. Yule mzee akatabasamu. "Hili sasa ni safi kabisa. Ng'ombe huyu ndiye wa mtoto wako. Mpeni maziwa ya huyu, hata mashavu yatapona."

Sikuweza kunyamaza. Ulimi wangu haujawahi kunisikiliza.

"Mzee wangu, shikamoo tena," nikamwambia. "Hivyo vibuyu viwili ni ng'ombe mmoja. Nimemkamua wa madoa mara mbili. Sasa niambie, kinyongo kiko kwenye kibuyu kipya tu, au kilichopasuka hakishiki kinyongo?"

Jirani mmoja alicheka, akaziba mdomo. Mpimaji hakushtuka hata kidogo. Akaanza kukunja ngozi yake polepole.

"Binti, dawa yangu haiangalii kilichomo," alisema. "Inamwangalia ng'ombe aliyetajwa."

"Basi kesho nikupe vibuyu vitupu, utaje tu."

"Nyamaza," mama mkwe alisema. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nilinyamaza. "Umechezea kipimo cha mtoto wako. Wewe binti wa watu una moyo gani?"

"Moyo wa kumlinda, mama."

"Kutoka kwa nani?"

Nilimchukua mtoto wangu nikampa mgongo. Alinielewa, na nilimwona anavyonielewa. Jioni ile hakula.

Siku ya pili ng'ombe wa madoa alirudishwa Haneti na ndama wake, na ugomvi wa kaka na dada ukawa wa wazi, wa kutosalimiana. Mama mkwe hakujali. Alitoa udugu wake na kaka yake, akatoa na heshima yake kwa majirani, ili ng'ombe yule aondoke. Jambo hilo lilinitatiza. Mwenye hila hajigharimu kiasi kile. Lakini nikaona labda anajificha.

Mimi niliweka sheria yangu. Mtoto hali kitu kilichopita mikononi mwa bibi yake. Nilipika uji mwenyewe, wa uwele na maji matupu, sikutia hata tone la maziwa maana maziwa yalikaa upande wake wa nyumba. Nilimbeba mtoto popote, shambani, kuni, mpaka chooni. Na mtoto akatulia. Hakuvimba, hakutapika, alibaki na yale mashavu tu. Nikapata ushahidi wangu. Si ng'ombe wa madoa, si mweupe, si kinyongo cha mtu wa Haneti. Ni mkono wa mama mkwe. Ukiutoa mkono wake, mtoto mzima. Nilikuwa na hakika kuliko hata yule mzee na jiwe lake.

Kiangazi kikaingia. Maji tulifuata kwenye mchanga wa korongo, tunachimba, tunasubiri yajae, tunateka kwa kata. Siku moja mtoto aliamka na homa ndogo ya meno. Jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Nilikuwa namfunga mgongoni huku analala, mama mkwe akasema, "Mwache. Utamchemsha kwenye jua hilo." Nikasita. Akaongeza, taratibu, "Mwanangu, mimi simli." Niliona haya. Nikamlaza kwenye kivuli cha tembe, nikamnyonyesha akalala tena, nikabeba mtungi, nikaenda mbio.

Korongoni kulikuwa na foleni. Nilisimama roho juu juu, zamu yangu ilipofika sikungoja maji yajae, nikarudi na mtungi nusu.

Nilimwona mama mkwe kabla sijafika. Alikuwa njiani, anakimbia kuja kwangu, kaniki imefunguka, mtoto mikononi. Sikuwahi kumwona anakimbia. Mtungi niliuachia hapo hapo. Uso wa binti yangu haukuwa uso. Macho yamezibwa na uvimbe, midomo imefura, mwili mzima una mabaka, na pumzi inapita kooni kwa mluzi mwembamba.

"Umempa nini?"

"Maziwa ya mweupe."

"Umempa nini, mama?"

"Ya mweupe, wallahi. Aliamka akalia. Yale safi, aliyoyataja mzee. Kidogo tu, kwenye kifuniko."

Nilimnyang'anya mtoto. Nilimtukana mama mkwe wangu matusi ambayo sikujua kama ninayajua, huku nakimbia kuelekea barabara ya Kongwa, na yeye nyuma yangu. Hapa Mungu alitusaidia. Lilikuwa linakuja lori la Mhindi mmoja mwenye duka Dodoma, limebeba ngozi za ng'ombe. Nilisimama katikati ya barabara. Alishuka kunigombeza, akamwona mtoto, akafungua mlango. "Panda, mama," alisema, na mama mkwe akadandia nyuma juu ya ngozi bila kuuliza mtu. Njia nzima nilihesabu mluzi wa mtoto. Ukikatika namtikisa, unarudi. Karibu na mji alitapika sana, akalegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa.

Hospitalini alikuwepo muuguzi Mzungu, mwanamke wa makamo, Kiswahili chake cha kitabuni. Hakunipa pole. Alimchoma mtoto sindano pajani, akamwita daktari, wakamshughulikia, nami nimesimama ukutani naomba kwa kila jina nililofundishwa. Mama mkwe aliambiwa abaki nje. Mzazi mmoja tu, walisema. Baada ya muda mluzi ulipungua. Ukawa pumzi. Mtoto akalia kwa sauti yake, nikaketi sakafuni.

Ndipo yule muuguzi akaniinamia. "Umempa dawa gani ya kienyeji?"

"Sijampa dawa."

"Usinidanganye. Wote mnasema hivyo. Halafu nawakuta watoto wenu na mizizi tumboni."

"Bibi, muulize mwenye kuweka. Mimi mtoto wangu kalishwa sumu na mama mkwe wangu," nikasema, na nilimaanisha kila neno.

Akanitazama. Nadhani alikuwa anataka kunifukuza. Lakini akavuta kiti, akaniuliza, kwa mashaka yaleyale, amekula nini leo, alikula nini siku alipovimba mara ya kwanza, na mimi nakula nini. Nikaeleza ng'ombe wa madoa. Nikaeleza jiwe na vibuyu. Aliposikia vibuyu viwili vya ng'ombe mmoja alikunja uso.

"Siku ambazo hakuvimba, alipata maziwa?"

Nikafikiri. "Hapana. Uji wa maji na titi langu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, bibi."

Nikaona kitu kinaniporomoka kichwani. Siku zote nilikuwa nimeutoa mkono, na maziwa yakatoka pamoja nao.

"Wapo watoto," alisema polepole, "ambao damu yao inagombana na maziwa ya ng'ombe. Si ya ng'ombe huyu au yule. Ya ng'ombe wote. Hata yakichemshwa. Hata ya kopo la dukani, maana nayo ni ng'ombe. Na ya mbuzi usijaribu, maana mara nyingi ni yaleyale. Wewe mwenyewe acha maziwa na samli, halafu endelea kumnyonyesha, utaona mashavu." Kisha akaninyooshea kidole. "Na usimpime. Usimpe tone uone. Asimpime mtu yeyote, mwenye jiwe wala asiye na jiwe. Mara ya kwanza alivimba mdomo, leo alikuwa anakufa. Wengi hali hii huwaacha wakikua. Akikua, mlete, nitampima mimi hapa, sindano ikiwa mkononi."

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Sikumwamini kwa urahisi hata yeye. Kwa nini nimwamini, mtu aliyeniita mwongo kabla hajaketi? Lakini nililinganisha siku zote, moja baada ya nyingine, na kila siku ilimkubalia.

Alipolala mtoto nikatoka nje. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, vumbi la ngozi limemjaa nywele. Hakusimama.

"Anapumua?"

"Anapumua, mama."

Alifunika uso kwa kaniki, mabega yakamcheza. Sikumgusa. Hasira ilikuwa bado inanitoka puani. Alipofunua uso alikuwa ameshajikaza, ameshakuwa yule yule.

"Basi mzee alikosea kwa sababu ya vibuyu vyako," alisema. "Mweupe hakupimwa. Aliye safi ni yule mweusi. Tukirudi nitamkamua mweusi."

"Mama, unataka kumuua mtoto wangu?"

"Nataka kumwokoa." Akanishika mkono, akauvuta mpaka nikaketi. Hakuwahi kunishika. "Sikiliza. Kabla ya mumeo nilizaa mtoto wa kiume. Mumeo hajui, hatukumwambia. Alikuwa hivi hivi. Mashavu hivi hivi, nyuma ya magoti hivi hivi. Anajikuna mdomo, unavimba. Nilikuwa msichana kama wewe, sikujua kutafuta. Alipokuja mpimaji akamtaja ng'ombe, mtoto nilikuwa nimeshamzika. Tulimwondoa yule ng'ombe. Nikamzaa mumeo, akanywa maziwa mpaka tumbo likawa ngoma, akakua unavyomwona. Umeelewa? Alikuwa ni ng'ombe. Yule nilichelewa. Huyu wako sichelewi, hata mnichukie wewe na kaka yangu na Mtumba yote."

Nilimtazama. Muda wote ule nilikuwa nimeketi na mwanamke huyu chini ya paa moja. Nilimhurumia mpaka kifua kikauma, na palepale nilimwogopa zaidi kuliko nilipomdhania ana sumu. Mwenye sumu ungemfukuza. Huyu angeamka kesho, au mwezi ujao, mtoto akiwa analia na mimi niko korongoni, akamkamua mweusi kwa upendo wote alio nao.

Ningeweza kumwambia kwamba muuguzi amekataza tu. Angemdharau muuguzi. Ningeweza kusema mweusi naye ana neno. Angetafuta wa nne. Hakukuwa na namna ya kumkinga mtoto wangu huku nikimwachia wake alale salama alikolala.

"Mama," nikasema. "Si ng'ombe. Ni maziwa."

"Maziwa ya nani?"

"Ya yeyote. Wapo watoto damu yao inayakataa. Mume wangu hakuwa hivyo. Huyu yuko hivyo."

Alikunja uso. "Ya mweusi pia?"

"Ya mweusi pia."

"Yakichemshwa?"

"Hata yakichemshwa, mama."

"Ya mbuzi?"

"Usimpe ya mbuzi."

"Na kidogo tu? Ya kumtuliza, mtoto akilia?"

"Hata kidogo."

Akaacha mkono wangu. Watu walikuwa wanapita mbele yetu na wagonjwa wao, na yeye anawatazama bila kuwaona. Nilimwona anavyokwenda nyuma, mwaka hadi mwaka, mpaka akafika. Alipoongea hakuwa ananiambia mimi.

"Alikuwa analia sana," alisema. "Na kila akilia, nilikuwa nampa."